Maziwa Yamekuja na Mtoto Hayupo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kuchangia Maziwa ya Mama Baada ya Msiba

Ukurasa huu ni wa mama aliyefiwa na mtoto, awe alizaliwa akiwa amefariki, aliishi saa chache, au aliondoka baada ya wiki kadhaa wodini. Ni wa wanaomuuguza pia: mume, mama mzazi, shangazi, wifi, mkunga. Tuna msimamo mmoja tunaousema mapema: maziwa ni ya mama. Kuyakausha ni uamuzi wake, kuyachangia ni uamuzi wake, na hakuna ulio bora kuliko mwingine. Lililo kosa ni kumruhusu mama kwenda nyumbani na kibali cha mazishi mkononi bila mtu yeyote kumwambia kwamba maziwa yatakuja. Jambo hilo hutokea kila siku, na linaumiza bila sababu.

## Maziwa kuja baada ya msiba

Mwanangu amefariki. Mbona maziwa yanakuja?

Pole sana, mama. Mwili hausubiri kilio cha mtoto ili uanze kutengeneza maziwa. Kinachouamsha ni kutoka kwa kondo la nyuma. Likishatoka, homoni iliyokuwa ikizuia maziwa wakati wa ujauzito hushuka ghafla, na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupata nafasi ya kufanya kazi. Kwa akina mama wengi matiti hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Maana yake ni kwamba mara nyingi hujaa msibani, nyumba ikiwa imejaa watu, na khanga ya kifuani inalowa mbele ya waombolezaji. Mtoto wa jirani akilia, maziwa yanaweza kutiririka yenyewe. Huo si ugonjwa, wala si ishara kwamba ulikosea popote.

Mimba yangu ilitoka ikiwa na miezi mitano. Hata mimi nitapata maziwa?

Ndiyo, inawezekana. Kuanzia takriban wiki ya 16 ya ujauzito, matiti huwa yameshaanza kutengeneza dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya manjano. Wengine huona matone machache tu, wengine hujaa kabisa. Mama wa mimba iliyotoka mara nyingi ndiye anayesahaulika kuliko wote, kwa sababu watu hawamhesabu kuwa amezaa. Majibu yote ya ukurasa huu yanakuhusu.

Nataka yakauke. Nifanye nini?

Usipoyatoa, mwili utapunguza wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Kazi yako ni kupunguza maumivu bila kuuambia mwili utengeneze mengine. Titi likiuma kwa kujaa, kamua kidogo tu, mpaka upate nafuu, kisha acha. Kila siku ongeza muda kati ya mkamuo mmoja na mwingine. Vaa sidiria inayoshika vizuri bila kubana. Weka kitambaa cha maji baridi, au majani ya kabichi yaliyokaa kwenye friji. Wengi huyapenda kwa sababu hukaa vizuri kwenye umbo la titi. Parasetamo au ibuprofeni husaidia, mradi daktari hajakukataza. Kunywa maji kama kawaida yako, maana kujinyima maji hakukaushi maziwa.

Ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu au ngumu, ina joto na inauma, na una homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo huenda titi limepata uvimbe wa maambukizi, na ukichelewa linaweza kugeuka jipu.

Nimeambiwa kuna kidonge cha kukausha. Nikinywe?

Kipo. Kinaitwa kabagolini, na hufanya kazi vizuri zaidi kikitolewa mapema, kabla matiti hayajajaa. Lakini si dawa ya kununua dirishani kwa kuelekezwa na shoga yako. Mama aliyekuwa na presha wakati wa ujauzito hapaswi kukipewa, na ndio hao wengi wanaopoteza watoto. Dawa ya jamii hiyo iliyotumika zamani, bromokriptini, iliondolewa katika matumizi ya kukausha maziwa huko Marekani miaka ya 1990 kwa sababu ya madhara makubwa. Muulize daktari, na umtajie presha yako bila kusubiri akuulize. Kumbuka pia kwamba ukishameza kidonge hicho, mlango wa kuchangia umefungwa kwa kiasi kikubwa. Kama bado hujaamua, kaa siku moja au mbili ukifikiri.

Mama mkwe anataka nijifunge khanga kifuani kwa nguvu. Na kuna wanaosema maziwa ya aliyefiwa ni mabaya.

Kujifunga kwa nguvu kulifanywa miaka mingi, na wazee wanaolielekeza wana nia njema. Shida ni kwamba kunaongeza maumivu na kunaweza kuziba mirija ya maziwa, na huko ndiko maambukizi yanakoanzia. Khanga ya kujisitiri haina tatizo. Ile ya kukazwa mpaka pumzi inakatika ndiyo ya kuepuka.

Kuhusu la pili: huzuni haiharibu maziwa. Inaweza kuchelewesha yasishuke haraka, basi. Hakuna uchungu wala sumu inayotoka moyoni na kuingia kwenye titi. Maziwa ya mama aliyefiwa yanafanana na ya mama mwingine yeyote aliyejifungua wakati uleule.

## Kuchangia kunavyofanyika

Maziwa hayo humfikia nani?

Zaidi ya wote, watoto njiti na watoto wachanga waliozaliwa na uzito mdogo, ambao mama zao wamefariki, wako mahututi, au maziwa yao bado hayajatosha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kwamba mtoto mwenye uzito mdogo akikosa maziwa ya mama yake, apewe maziwa ya mama mwingine yaliyotayarishwa kwa usalama, pale yanapopatikana, kabla ya kufikiria maziwa ya kopo. Sababu kubwa ni utumbo. Utumbo wa njiti ni mchanga mno, na wanaopewa maziwa ya kopo hupata zaidi ule ugonjwa mbaya unaofanya sehemu ya utumbo iharibike na kufa.

Watu hudhani inahitajika ndoo. Chukua mtoto wa kilo moja katika siku yake ya kwanza: akipewa mililita 60 kwa siku nzima, kila baada ya saa mbili, mlo wake mmoja ni mililita 5. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, kinachopitishwa polepole kwenye mpira mwembamba hadi tumboni.

Hapa Afrika Mashariki, nitayapeleka wapi?

Nchini Kenya, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, shirika la PATH na kituo cha utafiti cha APHRC. Nchini Uganda, Tracy Ahumuza alianzisha ATTA Breastmilk Community mwaka 2021, baada ya kumpoteza mtoto wake mchanga na kukosa pa kupeleka maziwa yaliyokuja baadaye. Huduma hiyo ilitokana na swali hasa ambalo wewe unalo leo.

Kama uko mbali na huko, anza na wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Muombe muuguzi kiongozi akuambie kama hospitali ina utaratibu wa kupokea maziwa. Jibu likiwa hapana, ujue ni upungufu wa huduma za afya, si upungufu wako. Usijitwishe mzigo wa kuzunguka mji na chupa mkononi.

Nani anaruhusiwa kuchangia?

Mama mwenye afya, anayekubali kupimwa damu. Vipimo vya kawaida ni VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Utaulizwa pia kuhusu sigara, tumbaku, pombe, miraa, dawa za kulevya, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Usifiche ya mitishamba kwa kuogopa kuchekwa. Atakayeyanywa ana uzito wa mfuko wa sukari.

Kuulizwa mtoto wako alifariki kwa nini ni jambo la kawaida, na ndilo swali linalochoma zaidi. Haliulizwi ili kukulaumu. Wanataka kujua kama palikuwa na maambukizi. Unaweza kumwomba mtu wako wa karibu alijibu kwa niaba yako.

Nitalipwa?

Hapana. Ni mchango, kama ilivyo damu, na vipimo havipaswi kukugharimu. Jihadhari na yeyote anayetaka kuyanunua. Biashara hii ina historia mbaya: mwaka 2017 Kambodia ilipiga marufuku kuuza nje maziwa ya mama, baada ya kubainika kwamba yalikuwa yakinunuliwa kwa wanawake maskini na kupelekwa Marekani.

Ni lazima nitoe kiasi gani, na kwa muda gani?

Hakuna lazima. Kuna mama anayetoa chupa mbili alizokamua mtoto akiwa bado wodini, akaishia hapo. Kuna anayekamua wiki sita. Huko Marekani benki nyingi huwawekea wachangiaji wa kawaida kiwango cha chini, na nyingi huondoa sharti hilo kwa mama aliyefiwa. Uliza mapema, lakini usikubali mtu akuhesabie.

Unaweza kuacha siku yoyote. Ila usikatize ghafla kama umekuwa ukikamua mara nyingi kwa siku. Punguza kidogo kidogo kama ilivyoelezwa kwenye swali la kukausha.

Nikamue na kuyatunza vipi?

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Tumia chombo cha kioo au plastiki ngumu chenye mfuniko, kilichooshwa na kuchemshwa, au kile ulichopewa na benki. Pampu si lazima. Kwa mkono, weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, pembezoni mwa duara jeusi linalozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie, bana na uachie. Usiburute vidole kwenye ngozi, utajichubua. Matone ya mwanzo huchelewa. Kitambaa cha uvuguvugu na kukanda taratibu husaidia yashuke.

Andika tarehe na saa kwenye chombo. Acha nafasi juu, kwa sababu maziwa yakiganda hutanuka na chombo kinaweza kupasuka. Yaweke kwenye friji mara moja na kwenye friza ndani ya saa 24, nyuma kabisa, si mlangoni ambako joto hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Kama nyumbani hakuna friji, kamulia hospitalini. Kamwe usiongeze maji.

Benki inayafanyia nini kabla ya kumpa mtoto?

Yanayeyushwa, yanachanganywa, kisha chupa zinazamishwa kwenye maji ya moto mpaka maziwa yafikie nyuzi joto 62.5. Hukaa hapo kwa dakika 30, halafu hupozwa haraka. Joto hilo huua bakteria hatari na virusi kama VVU, na huacha sehemu kubwa ya kinga iliyomo. Baadaye sampuli hupelekwa maabara kuangalia kama kuna bakteria waliosalia. Chupa ikikutwa na tatizo, humwagwa. Kazi hii haina upya wowote duniani: benki ya kwanza ilifunguliwa Vienna mwaka 1909, na leo Brazili peke yake ina zaidi ya benki 200.

## Moyo, familia na dini

Kuchangia kutanisaidia kupoa?

Kwa baadhi, ndiyo. Akina mama waliochangia husema walipata namna ya kuendelea kuwa mama wa mtoto yule: maziwa yaliandaliwa kwa ajili yake, na kwa jina lake yakamfikia mwingine. Wengine hupenda ule utaratibu wenyewe, kuamka, kukaa, kukamua, wakati siku nyingine zote hazina mpangilio.

Kwa wengine, kila mkamuo ni kidonda kinachofunguliwa upya. Nao wako sahihi. Kukamua hakuondoi huzuni, na hatupendi kuona hospitali ikiwaambia akina mama hivyo ili kujaza friza. Mhudumu anayesoma hapa: mweleze mama mara moja, kwa upole, akiwa ameketi na mtu wake. Ukishaeleza, usirudie mpaka yeye mwenyewe aulize.

Ikiwa usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, huli, au unawaza kujidhuru, hilo linahitaji msaada wa haraka. Mwambie mtu leo, na aende nawe hospitali.

Mume wangu hataki nichangie.

Sikiliza kwanza anachoogopa. Mara nyingi si maziwa. Anaogopa kukuona unateseka, au anaogopa maneno ya ukoo. Baba naye amefiwa, na watu humpa mkono wa pole kisha humtuma akatafute turubai na viti. Nendeni wote wawili kwa muuguzi, aulize maswali yake mwenyewe. Lakini mwisho wa yote, mwili ni wako.

Nitajulishwa ni mtoto gani alikunywa?

Kwa kawaida hapana, kwa sababu maziwa ya akina mama kadhaa huchanganywa na siri za wagonjwa hulindwa. Baadhi ya benki huandika jina la mtoto aliyefariki kwenye ukuta au mti wa kumbukumbu. Omba kama unataka. Familia za Kiislamu zina haja tofauti, na jibu lake ni hili linalofuata.

Sisi ni Waislamu. Je, mtoto atakayekunywa atakuwa mwanangu wa kunyonya?

Swali hili ni zito na halistahili jibu la mkato. Sura ya An-Nisaa, aya ya 23, inawataja mama na dada wa kunyonya miongoni mwa wanawake ambao mwanamume haruhusiwi kuwaoa. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, undugu huo huthibiti kwa manyonyesho matano yaliyo mbalimbali, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na maziwa yaliyokamuliwa kisha yakanyweshwa huhesabiwa kama ya titini. Kwa hiyo hofu ya wazazi ni ya haki: watoto wanaweza kuja kuoana bila kujua.

Wanazuoni wametofautiana. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliruhusu benki za maziwa, akishikilia kwamba undugu unatokana na kunyonya titi lenyewe, na kwamba penye shaka kuhusu nani alinyonyesha, undugu hauthibiti. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilikataa benki hizo mwaka 1985, likihofia kuchanganyika kwa nasaba.

Njia ambayo familia nyingi huiridhia ni ya mchangiaji anayejulikana: maziwa ya mama mmoja yasichanganywe na ya wengine, yapewe mtoto anayejulikana, na familia zote mbili ziandike majina na kuyahifadhi. Waambie benki mapema kwamba ndivyo mnavyotaka. Wakisema hawawezi, mna haki ya kutoendelea. Na mkae na kadhi au sheikh mnayemwamini kabla ya kuamua.

## Hali za pekee

Nilikuwa na mapacha. Mmoja amefariki, mwingine yuko wodini.

Maziwa ni ya aliye hai kwanza, mpaka ashibe na uwe na akiba yake. Ziada ndiyo ya kuchangia. Mama wa pacha aliyebaki huambiwa "shukuru Mungu umebakiwa na mmoja", akanyimwa hata nafasi ya kulia. Una haki ya kumnyonyesha mmoja huku unamlilia mwenzake.

Nina VVU. Siwezi kabisa?

Huwezi kuchangia, hata kama unatumia dawa vizuri na virusi havionekani kwenye kipimo. Benki hazichukui tahadhari moja pekee. Hupima mchangiaji na bado hupasha maziwa joto. Endelea na dawa zako, na uombe msaada wa kuyakausha. Na kama hukujua hali yako mpaka ulipopimwa ili uchangie, kituo kina wajibu wa kukupa ushauri na kukuanzishia matibabu. Wasikuambie "hufai" na kukufungulia mlango.

Mwanangu alifariki akiwa na miezi saba. Nimechelewa?

Si lazima. Benki nyingi hupokea maziwa ya mama ambaye hajapitisha mwaka mmoja tangu ajifungue, ingawa njiti hufaidika zaidi na maziwa ya mama aliyejifungua karibuni, maana huwa na protini nyingi. Wewe uko kwenye hatari kubwa zaidi ya titi kuvimba, kwa kuwa ulikuwa ukinyonyesha sana na umesimama ghafla. Usingoje jibu la benki ndipo ukamue kidogo.

Dada yangu amefariki akijifungua siku zilezile nilizofiwa. Naweza kumnyonyesha mwanawe?

Unaweza, na familia zetu zimefanya hivyo tangu zamani. Kapime VVU na homa ya ini kwanza, hata kama ulipimwa kliniki, kwa sababu hali inaweza kubadilika. Kwa Waislamu, undugu wa kunyonya hapa hauna mjadala, hivyo uandikwe na utangazwe. Na jipe ruhusa ya kukataa. Ndugu wakishaona maziwa na mtoto asiye na mama, huamua kwa niaba yako kabla hujafungua mdomo.

Nikiendelea kukamua, nitachelewa kupata mimba nyingine?

Kukamua mara nyingi kunaweza kuchelewesha hedhi, lakini usikutegemee kama uzazi wa mpango. Mama asiyenyonyesha anaweza kupevusha yai hata kabla ya wiki sita kwisha, kabla hajaona hedhi yoyote. Kama hujawa tayari, pata njia ya uzazi wa mpango kabla hujarudiana na mumeo. Baadhi ya njia hizo hupunguza maziwa, hivyo mwambie mhudumu kwamba unachangia.

Maziwa niliyomkamulia bado yako kwenye friza. Siwezi kuyatupa, siwezi kuyatoa.

Yaache hapo kwanza. Waambie wa nyumbani wasiyaguse, na uyaweke kwenye mfuko wenye jina lako, maana kuna shangazi mwenye nia njema atakayesafisha friza usiku wa matanga. Kwa ajili ya kuchangia, muda wake unahesabika: yanakuwa bora ndani ya miezi sita, na benki itaangalia tarehe uliyoandika. Umeme ukikatika yakayeyuka kabisa, usiyagandishe tena kwa nia ya kuyapeleka, hayatapokelewa. Ukiamua kuyapeleka, piga simu kwanza, yafunge kwenye boksi la barafu lililojaa pasipo nafasi tupu, na utume mtu mwingine kama hutaki kurudi kwenye wodi ile.